Jibu la Pole

Wodi ya watoto, Dar es Salaam
Jumatano asubuhi

Mpendwa Dada Nakunda,

Shikamoo, dada. Na Mama mpe shikamoo yangu, ila umpe akiwa ameketi, maana najua akisikia nimeandika kwa kalamu badala ya kupiga simu atauliza nani amekufa. Mwambie hajafa mtu. Magoti yake yanasemaje na baridi hiyo ya kwenu? Yule ng'ombe mkorofi ameshazaa, au anaendelea kuwazungusha? Na kwaya yenu, mnamvumilia bado yule mama wa sauti ya pili anayedhani Mungu ni kiziwi? Haya yote nataka kuyajua kweli, dada, siulizi kwa adabu tu. Nikikaa hapa nikawaza jiko la Mama na moshi wake, natamani hata uniwashe macho.

Baada ya salamu mtu huandika kwamba na sisi huku ni wazima. Kalamu ilikuwa imeshaanza yenyewe, nikaishika. Sisi huku si wazima. Mwanangu Ndeshi amelazwa, anapumua kwa oksijeni, na mimi nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi, kwenye karatasi nilizomwomba muuguzi. Simu yangu anakaa nayo shemeji yako. Na hata ningekuwa nayo, ningelia tu, nawe ungelia, tukakata bila kuambiana kitu. Barua nitampa yule dereva wa basi, mtoto wa jirani yetu wa juu ya mfereji, anapandisha huko kwenu kesho. Isome mpaka mwisho kabla hujamwambia Mama neno.

Nianze na pole, maana ndilo neno lililotuleta hapa.

Unamkumbuka Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu kule Magomeni. Ulipokuja kwenye ubatizo ndiye aliyekuzuia mlangoni mpaka ule kwanza. Huyo ni mtu wa hapa hapa, babu yake kazikwa hapa, na Ndeshi amekulia uani kwake. Mimi na Baba Ndeshi tunashinda kwenye duka letu la vitenge Kariakoo, mtoto akitoka shule anakuwa wa Bi Zuhura. Amemlea Kipwani hasa. Ndeshi haingii kwa mtu bila hodi, hapokei kitu kwa mkono wa kushoto, na akiambiwa pole hajibu "asante" kama sisi watu wa milimani. Anajibu "nimeshapoa." Bi Zuhura alimfundisha mwenyewe: "We mtoto, mtu akikupa pole usimwachie mkononi. Mwambie nimeshapoa, na yeye moyo wake upoe." Basi ikawa kliniki akichomwa sindano, daktari akisema pole, mtoto anajibu "nimeshapoa" huku machozi yanamdondoka kidevuni. Tulikuwa tunacheka. Wewe mwenyewe ulicheka.

Sasa shemeji yako. Soma taratibu hapa, kwa sababu sitaki umchukie. Unajua mdogo wake alikufa utotoni kwa selimundu hii hii, kabla mtu yeyote kule kwao hajaujua ugonjwa huo kwa jina. Walikuwa wanalala kitanda kimoja. Tangu Ndeshi alipopimwa akaonekana anayo, mume wangu halali usingizi wa mtu mzima. Mtoto akikohoa, yeye ndiye wa kwanza kuketi. Vidonge vya kila siku alikuwa akimpa yeye, si mimi. Chupa ya maji ya shule alikuwa akiijaza yeye. Ni baba mzuri, dada, na ndiyo maana naumia.

Jirani yetu wa dukani, anayeuza mapazia, ndiye aliyemwambia kwamba kuna nabii mtaa wa Gerezani, mahali palipokuwa karakana ya magari, na wagonjwa wanapona. Akaenda kutazama tu. Akaenda tena. Akaanza kurudi na maneno mapya: usikiri ugonjwa, kiri uzima, kinywa kinaumba, ukisema unaumwa umemfungulia adui mlango. Nikamtania, nikamwambia basi na sisi tukiri kwamba vitenge vyote vimenunuliwa, tuone kama rafu zitabaki tupu. Hakucheka. Mume wangu, ambaye kwa utani huwa hanishindi ila hakosi kujaribu, hakucheka. Hapo nikajua jambo hili limeshaingia ndani.

Ndipo nilipokuomba kitu cha kumjibu, ukanitumia kitabu cha mwalimu wako wa chuo cha theolojia, hicho chenye jalada la kijivu ulichokipigia mistari kila ukurasa mpaka sikujua kipi si muhimu. Nilikisoma dukani, mteja akija nakifunika na kanga. Nikuambie ukweli, dada, mwanzoni nilikichukia. Nilitaka mtu anieleze kwa nini mtoto asiye na kosa anasagwa mifupa, na Mwalimu wako, na usomi wake wote na miaka yake ya ng'ambo, anaandika kwamba hajui. Sura ya kwanza hajui. Nikaruka nikaenda ya tatu, na huko pia hajui. Anasema rafiki zake Ayubu walikuwa wachungaji wazuri kwa muda ule walioketi chini kimya, wakaja kuharibu walipofungua vinywa kueleza. Nikasema, sasa na wewe mbona umefungua kinywa kitabu kizima? Nikakirusha nyuma ya marobota.

Nikakiokota kwa sababu sikuwa na kingine. Nikafika kwenye ile sura ya Jumamosi. Najua unaikumbuka, mistari yako pale ni miwili miwili. Anasema kanisa linaijua vizuri Ijumaa ya msalaba na linaijua Jumapili ya kaburi tupu, lakini katikati kuna Jumamosi, siku ambayo Mungu hakusema kitu, na wale wanawake wakakaa na manukato yao bila kujua wayapeleke wapi. Anasema wengi wetu tunaishi Jumamosi hiyo. Nilicheka peke yangu, maana Jumamosi ya Kariakoo, na vipaza sauti vya wauza dawa za panya na watu wa mikokoteni wakigombea njia, hata Mungu akiamua kusema nani atamsikia? Lakini sikukiweka chini. Anasema wahubiri wenye haraka humsukuma mtu aingie Jumapili kabla Ijumaa yake haijaisha, kwa sababu wao wenyewe wanaogopa kutazama damu.

Halafu anakuja kwenye lile neno. Anasema Kiingereza alichosomea kina neno moja la kitu ambacho hakijafika, na neno lingine la kitu ambacho hakijaondoka, lakini sisi yote mawili tunayasema kwa neno moja tu: bado. Mgonjwa amepona? Bado. Yupo? Bado yupo. Anasema imani ni kulisema neno hilo pande zote mbili, bila kudanganya upande wowote. Asiyepona aseme hajapona, na asiyeachwa aseme hajaachwa. Kwamba Bwana mwenyewe alipofufuka hakuwaficha wanafunzi mikono yake. Alikuwa mzima na matundu yalikuwepo bado.

Siku hiyo nilipiga mstari wangu mimi chini ya mistari yako. Jioni nikamsomea Baba Ndeshi. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Mke wangu, huyo msomi wenu amesomea kukata tamaa. Mdogo wangu walituambia bado, bado, kesho atakuwa nafuu, mpaka tukamzika. Hiyo bado yenu mimi siitaki. Nataka sasa."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nilikunja kitabu nikaenda kuosha vyombo.

Mwezi uliopita, Jumapili moja, alipompeleka Ndeshi Gerezani nilikwenda nao, kwa sababu mwanangu haendi mahali nisipokuwepo. Sitakudanganya kwamba nilikuta mnyang'anyi. Huyo nabii ni kijana mpole, ana sauti ya kubembeleza, na nadhani anayaamini anayoyasema. Wakamwita Ndeshi mbele. Kijana akamwekea mikono, akaomba sana mpaka jasho likamtoka, kisha akainama usawa wa mtoto, maikrofoni mkononi, akamwambia kwa upole kabisa, "Pole sana, mwanangu."

Na Ndeshi, mtoto wa Bi Zuhura, akainamisha kichwa vizuri akajibu, "Nimeshapoa."

Lo! Dada, ungesikia zile spika. Karakana nzima ilipasuka kwa kelele. "Amepoa! Amepona!" Kijana akamsogezea tena maikrofoni: "Amesema nini? Wasikie na wa nyuma!" Na yeye, kwa kuwa kufundishwa kafundishwa, akarudia vile vile, "Nimeshapoa." Watu waliruka juu ya viti. Baba Ndeshi alianguka magoti akalia kama mtoto, na mimi nilikuwa namvuta shati nikimwambia, "Baba Ndeshi, hilo ni jibu la pole! Mtoto anajibu pole!" Hakunisikia, au hakutaka.

Na hili ndilo linalonitia hasira mpaka sasa. Mle ndani hakukuwa na mgeni wa Kiswahili. Kila mtu anajua nimeshapoa ni nini. Ukijikwaa Kariakoo ukang'oka ukucha, mpita njia akakupa pole, unamjibu nimeshapoa huku damu inajaa kwenye kandambili. Unajibu hivyo ili yeye aendelee na safari zake. Walijua, dada, wote walijua, na kwa pamoja wakachagua kutojua. Chupa ya vidonge Baba Ndeshi aliiacha madhabahuni siku ile ile kama sadaka.

Tulipofika nyumbani Bi Zuhura alikuwa uani anakuna nazi. Baba Ndeshi akampa habari njema. Yule mama aliacha mbuzi, akasimama na chembe za nazi mikononi. "Baba Ndeshi," akasema, "wewe umekaa mji huu miaka yote hiyo. Lile ni jibu la adabu, si cheti cha daktari! Ningemfundisha kusema asante mngesemaje, kwamba amewashukuru kwa ugonjwa?" Shemeji yako akamwambia kwa heshima, "Mama, imani zetu tofauti." Bi Zuhura akajibu, "Imani tofauti, mtoto mmoja." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na mtu yule hafungi mlango mchana.

Nilikwenda kliniki nikapata vidonge vingine. Nilimpa Ndeshi baba yake akiwa ametangulia dukani. Akakishika kidonge mkononi akaniangalia. "Mama, baba amesema nikimeza namfanya Yesu mwongo." Nikamwambia meza mwanangu, Yesu haumii kwa kidonge. Akakitia mdomoni, nikageuka kumwaga maji, niliporudi kilikuwa chini ya mto. Kila siku tukawa hivyo, mimi nabembeleza, yeye anatema. Si ukaidi. Anampenda baba yake, hataki kumharibia furaha. Na kibaya zaidi, mwanzoni alikuwa mzima kabisa, anaruka kamba, anakula. Baba Ndeshi alikuwa akimwangalia kisha ananiangalia mimi. Kuna siku hata mimi nilijiuliza, vipi kama ni kweli? Nilitamani iwe kweli, dada. Ningevumilia kuchekwa na Gerezani nzima, iwe kweli tu.

Jumamosi iliyopita hakuna shule, tukawa naye dukani. Wateja walikuwa wengi, kulikuwa na kina mama wa sare za harusi wanataka kitenge kimoja na kila mmoja anakitaka cha rangi yake. Nikainua macho nikamwona Ndeshi amekaa juu ya robota, ameuma ukosi wa gauni lake kwa meno. Halii. Nikamuuliza, unaumwa? Akatikisa kichwa. Midomo imekauka, macho manjano kama bizari. Nikasema, kwa mazoea tu, "Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa," akasema.

Nilipomgusa mguu alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Wale kina mama waliacha vitenge. Mtaa wetu Jumamosi haipiti hata baiskeli, na mimi nimembeba, kila hatua anaguna. Mpagazi mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni alimwaga mzigo wa watu pale pale chini, akasema, "Mlaze hapa, mama!" Akasukuma akipiga kelele, "Njia! Njia! Mgonjwa!" Mtaa ukapasuka, dada. Wauza mitumba walikunja maturubai yao kutupisha. Na mbele yetu alikuwa shemeji yako, anasukuma watu kwa mikono yote miwili, na yeye akimwambia kila aliyempisha, "Amepona. Amepona. Amepona." Tulipata bajaji barabara kubwa mpaka hapa.

Daktari, binti mdogo tu, akauliza mara ya mwisho mtoto kumeza dawa ni lini. Mimi nikamtazama aliyezitoa sadaka, ajibu yeye. Akasema, "Alishapona, daktari." Binti wa watu hakumgombeza. Alimwangalia, akasema, "Pole, baba," akarudi kwa mgonjwa. Baba Ndeshi alifungua mdomo kujibu. Hakujibu.

Walipomaliza kumtundikia dripu na kumvisha kile kitu cha oksijeni, baba yake akainama kitandani. "Pole, mama'angu." Ndeshi akaisogeza oksijeni kwa kidole ili asikike vizuri, akasema, "Nimeshapoa, baba."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia, "Ndeshi, mwambie baba kweli."

"Nikisema itarudi."

"Haikuondoka, mwanangu. Sema tu, hutagombezwa."

"Na Yesu hatakuwa mwongo?"

Dada, maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Nikaazima ya Mwalimu wako. Nikamwambia Yesu alipofufuka aliwaonyesha wenzake mikono yenye matundu, hakusema yameziba. Akafikiri, mtoto yule, na maumivu yote yale akafikiri. Akaniuliza, "Yalikuwa yanauma?"

Nikasema, "Sijui, mwanangu." Nikajisikia mwenyewe nimesema sijui, neno nililolirusha nyuma ya marobota. Halikuwa na maana ya kukata tamaa. Lilikuwa ndilo neno la kweli nililobaki nalo.

Ndeshi akageuza uso kwa baba yake. "Bado, baba," akasema. "Kifua na miguu. Inauma bado."

Na hapo hapo akaanza kulia. Siku zote hizo alikuwa hajalia. Baba Ndeshi alitoka nje. Nilimsikia kwenye korido, na sijawahi kumsikia mwanamume akilia namna ile, hata msibani.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Tangu hapo kifua ndicho kimekuwa kibaya. Wamemwongeza damu. Analala, anaamka kidogo, anatutambua, analala tena. Madaktari hawasemi atapona wala hawasemi lile lingine. Kila asubuhi namuuliza muuguzi, naye ananijibu, "Bado, mama, tunaangalia." Nimelichukia neno hilo na nimelishika, vyote pamoja. Bi Zuhura anakuja kila siku na chupa ya uji ambao hakuna anayeunywa. Hasemi pole tena. Anakaa miguuni pa kitanda, anaipapasa ile miguu polepole mpaka muda wa wageni uishe, anaondoka. Siku moja mlangoni aliniambia, "Mimi ndiye niliyemtia neno kinywani." Nikamwambia hapana, wewe ulimtia adabu. Sijui kama alinisikia.

Sasa nikueleze la jana, maana ndilo lililonifanya niombe karatasi. Walikuja watu wa Gerezani mchana, wengi kuliko walioruhusiwa, na chupa ya mafuta. Mama mmoja wao alinivuta pembeni akaniambia ugonjwa umerudi kwa sababu ya kitabu changu cha kijivu na kutoamini kwangu. Sikumjibu, dada, nilimwogopa Mungu na nikaogopa kelele wodini, vinginevyo ungesikia habari nyingine. Wakazunguka kitanda. Kiongozi wao akamwambia Baba Ndeshi, "Mtumishi, kiri mbele za Bwana. Mtoto amepona?"

Alikuwa amesimama ameshika kandambili za Ndeshi, zile za waridi, tangu Jumamosi hajaziweka chini. Alizigeuza, akafuta moja vumbi kwa kidole. Kisha akasema, "Bado."

"Sema kwa imani, baba."

"Nimesema bado."

Walitazamana, wakaomba kwa ufupi, wakaenda. Mmoja alisema mlangoni kwamba sasa watamwombea baba. Na yeye tangu hapo hajasema neno lingine lolote, si kwangu, si kwa daktari. Hali chakula. Anakaa kwenye kiti anahesabu pumzi za mtoto kwa midomo. Namwogopea, dada. Mtoto huyu akienda, sina mume tena, nitakuwa na mtu aliyezika wawili kwa mkono wake, maana ndivyo atakavyojiambia maisha yake yote. Na akipona, je? Tukifika nyumbani ataijaza tena ile chupa ya maji ya shule, au hofu itamrudisha Gerezani? Sijui. Siwezi kumuuliza. Kuomba nako siwezi. Nikifumba macho naona ule ukosi wa gauni kwenye meno yake, basi nayafumbua. Omba wewe, mimi nimeshindwa, na mwambie Mungu nimemkasirikia ila sijaondoka.

Njoo, Dada Nakunda. Hilo ndilo ninalokuomba, na barua nzima ni hilo. Shemeji yako tangu siku ya harusi yetu anakuita mchungaji wangu, na hakuna mwingine atakayemfungua kinywa. Waache wanafunzi wako wa kipaimara, waache kwaya wapotoke wenyewe, panda basi. Usije na maelezo. Usimwambie ni mapenzi ya Mungu, usimwambie ni kosa lake, na kitabu kingine usinibebee. Njoo ukae kwenye benchi hili kati yangu na yeye. Ukifika mlangoni niambie pole, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe tumbo moja nitakujibu kweli.

Nisalimie mjomba mzee wa kanisa, mwambie asitangaze kanisani kwanza, mdomo wake naujua. Shangazi wa sokoni mshukuru kwa ndizi, zilifika zimeiva na Ndeshi alikula mbili kabla ya haya. Wanao wabusu wote, hasa yule kitinda mimba aliyeahidiana na Ndeshi kucheza mferejini Krismasi. Usimwambie kitu, mwache aendelee kungoja.

Na Mama. Akikuuliza kama Ndeshi amepona, mwambie bado. Atashtuka, unamjua, atakushika mkono akuulize kama mtoto yupo. Mwambie neno hilo hilo.

Mdogo wako,
Manka